Sahani ya Tisa

Nikiulizwa nani alinisomesha, watu hutegemea niwataje wazazi wangu. Wazazi wangu walinizaa, wakanipenda, wakanisukuma shuleni mpaka uwezo wao ukaishia njiani. Aliyenisomesha chuo kikuu ni marehemu Mama Suleimane wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, mwanamke ambaye hakuwahi kukaa darasani ila madrasa tu. Shukrani niliyompa ndiyo hii nitakayoisimulia. Sina raha kuisimulia, lakini nimechoka kuwasikia watu wakimsifu na kusema siku zake zilifika, kana kwamba sisi wengine hatukuwepo.

Jina lake hasa lilikuwa Ancha. Alizaliwa Quiterajo, akaolewa Mocímboa na mvuvi aliyefariki mapema kwa homa, akabaki na mtoto mmoja, Suleimane. Alimkuza kwa kukaanga mihogo na samaki kando ya barabara. Suleimane akawa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa miaka ishirini na mbili, mcheshi, mlaji sana kwa maneno ya mama yake mwenyewe. Mwaka 2020 vita vilipoingia mjini, waasi, wale tunaowaita watu wa msituni, walimchukua asubuhi pamoja na vijana wengine wa mtaa. Aliondoka miguu mitupu, amevaa shati la buluu. Mama yake alimwona mpaka kwenye kona ya msikiti, na baada ya kona hiyo hakujua.

Yeye alikimbia na waliokimbia, akakaa kambini kusini mwa mkoa miaka miwili chini ya turubai. Aliporuhusiwa kurudi alikuta kuta zimesimama na paa halipo. Nusu ya nyumba akaifunika kwa turubai lile lile alilorudi nalo, nusu kwa makuti, akatoa karai lake la kukaangia, akaanza upya. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na kitu na mgongo umeshaanza kumsumbua.

Mocímboa hakuna chuo kikuu. Kuna kituo cha masomo ya mbali, vyumba viwili na kompyuta chache. Wanasema unasoma ukiwa kwako, unakuja kituoni kwa vipindi na mitihani tu. Maneno mazuri hayo kwa mtu mwenye kwake penye mtandao na barabara. Sisi tuliotoka Nhica, Palma au Quiterajo, kila safari ilitaka guia, hati ya ruhusa ya kupita kwenye vizuizi vya askari, na gari lenyewe lipatikane, na njia iwe salama siku hiyo. Kwa hiyo tulihamia mjini na vitabu vyetu. Chuo kilitupa masomo. Mahali pa kulala, maji ya kuoga na chakula cha jioni hayakuwa kazi yake, na hakuna aliyejiuliza ni kazi ya nani.

Mama Suleimane alikuwa anakaanga mihogo mkabala na kituo. Siku tatu mfululizo alimwona kijana mmoja, Chaquir, ananunua kipande kimoja asubuhi, kisha anarudi kuomba maji mara tatu mpaka jioni. Siku ya nne akamwuliza analala wapi. Chaquir akamwonyesha baraza ya kituo na gunia lake la kulalia.

"Chukua gunia lako twende," akamwambia. "Na usinishukuru, maana sijakupa kitu bado."

Huo ndio mwanzo. Mwaka haukuisha tukawa wanane, wavulana watano chumba cha mbele na wasichana watatu chumbani kwake. Mimi nilikuwa wa sita kufika. Alitupa mikeka, taa ya sola ya kusomea, pipa la maji, sabuni iliyokatwa vipande ili kila mtu awe na chake. Sisi wasichana alitukatia kanga zake kuukuu kwa ajili ya siku zetu za mwezi, akaziweka chini ya mkeka bila kusema neno, na mimi niliyekuwa nakosa vipindi siku nne kila mwezi kwa aibu sikukosa tena.

Chakula kilikuwa mara moja kwa siku, baada ya magharibi. Wavuvi walimtupia dagaa wanaobaki, kwetu walituma makaka, vipande vya muhogo mkavu, gari likipita, na mfanyabiashara mmoja wa Mtwara aitwaye Bashiru alimletea gunia la mchele kila alipovuka na mzigo. Kilichopungua alikijaza yeye kutoka kwenye karai. Wakati wa kupakua alikuwa hana mchezo. Alipiga mwiko kwenye sufuria, na mtu asiyekaa mara moja alisikia maneno yake.

"Wee Chaquir, leo umesoma nini?"

"Historia, mama."

"Ya nani?"

"Ya Wareno."

"Wale walishashiba zamani. Kula, halafu usome ya wenye njaa."

Tulicheka, tukala. Sahani zilikuwa tisa, za bati, nane nyeupe na moja ya buluu. Alizipakua zote kwa mwiko ule ule, kipimo kile kile. Ile ya buluu aliifunika kwa kawa, akaipandisha juu ya kichanja cha jikoni. Ilikuwa ya Suleimane. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu pwani yetu hii, tangu vita, nyumba nyingi zina sahani ya namna hiyo. Aliyechukuliwa si maiti wala si mzima. Hujamzika, basi unampakulia. Asubuhi tuliikuta imeoshwa na kuinamishwa pamoja na nyingine, nasi tuliamini huwapa watoto wa madrasa iwe sadaka. Yeye mwenyewe tukimkaribisha alijibu, "Nshakula jikoni," akakaa pembeni kututazama.

Mwaka 2024 mambo yalichafuka tena upande wa Macomia, na mjini watu wakaanza kutazamana. Ilisemwa kwamba walioko msituni wanalishwa na watu wa mjini. Aliyenunua mchele mwingi aliulizwa ni wa nani. Ndipo secretário wa bairro letu, yaani kiongozi wa mtaa, Mzee Mwinyimadi, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari. Alifika kwetu asubuhi, mama yuko kwenye mihogo, mimi nafua uani peke yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sina mengi, nataka idadi tu. Nyumba hii mnakula wangapi?"

Mimi nilikuwa nasomea ualimu wa hesabu. Napenda tarakimu ikae sawasawa. Badala ya kuhesabu watu, mjinga mimi nikahesabu vyombo.

"Sahani tisa, mzee."

Akaandika. "Estudante tisa?"

"Wanafunzi nane."

"Na ya tisa?"

"Ya Suleimane."

Kalamu ikasimama. "Mwanawe? Amerudi?"

"Hapana, mzee. Anawekewa tu."

"Anawekewa, halafu nani anakula?"

"Sijui. Asubuhi sahani huwa imeoshwa."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala. Ningesema ya tisa ni ya mama, Mzee Mwinyimadi angeandika tisa na kwenda nyumba ya pili. Nyumba gani mama hali? Lakini jibu hilo halikunijia hata kidogo, kwa kuwa mwaka na nusu nimekaa chini ya paa lake na sijawahi kumwona ameshika sahani.

Mzee Mwinyimadi si mtu mbaya, na sitamfanya mbaya ili mimi nipate nafuu. Ndugu yake aliuawa shambani, na juu yake walikuwepo wanaomwuliza maswali kama yeye alivyotuuliza sisi. Alilipeleka neno pale alipotakiwa kulipeleka. Siku ya pili alirudi na askari wawili. Walipekua vyumba, wakafungua mabegi yetu, wakachoma kisu kwenye gunia la Bashiru kuona kama chini ni mchele pia. Kisha wakamweka mama katikati ya uani.

"Mama Suleimane," Mzee Mwinyimadi alisema taratibu, "sahani ya mwanao nani anaila? Sema tu, sie tuondoke."

Mama aliangalia chini.

"Chakula cha mwanangu hakiendi msituni."

"Kinakwenda wapi?"

Akavuta kanga mpaka usoni, kama mtu aliyefumaniwa. Waliuliza mara nne, na mara zote nne alinyamaza.

Nitasema wazi, maana nimeahidi kusema. Mimi nilimshuku. Nilimtazama mwanamke aliyenikatia kanga zake nikajiuliza kama Suleimane anakuja alfajiri kwa mlango wa uani sisi tumelala. Siku moja na nusu nilikaa na wazo hilo, na nikajisogeza mbali naye mkekani.

Hawakumkamata, labda kwa umri wake. Walichoamua ni kwamba mkusanyiko wa vijana katika nyumba ile uvunjwe, kila mmoja arudi kwao kabla ya Ijumaa ya pili. Mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu baada ya Ijumaa hiyo. Kwangu na kwa Chaquir ilikuwa mitihani ya mwisho kabisa, na anayeikosa hurudia mwaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mwaka wa kurudia. Chaquir alitoa lile gunia lake la barazani akaanza kupanga vitabu ndani.

Mama alikwenda kwa Mzee Mwinyimadi peke yake. Aliporudi alikaa kizingitini, akatueleza bila kumtazama mtu. Mzee alikuwa amemwambia hivi: maadamu Suleimane anahesabiwa mzima, anahesabiwa miongoni mwa walioko msituni, na nyumba inayompakulia itakuwa na neno siku zote. Akihesabiwa amekufa, neno limekwisha. Isomwe hitma mbele za watu, mashahidi wawili waweke saini kwenye declaração, hati ya kuthibitisha kifo, mama aweke kidole, na wanafunzi wake watabaki.

"Nimemwambia siwezi," alisema mama. "Mwanangu nimwue kwa mdomo wangu?"

Ningependa kuandika kwamba tulisimama sote tukamwambia, mama, usifanye hivyo, tutakwenda zetu. Tulinyamaza. Tulipeana nafasi ya kunyamaza, kila mmoja akisubiri mwenziwe aanze.

Siku mbili alipakua sahani zetu na ile ya buluu kama kawaida. Jumamosi asubuhi nilimkuta amemwaga mchele wa Bashiru kwenye ungo, anachagua chuya na mawe.

"Nasrin, niitie mwalimu wa msikitini. Na Mzee Mwinyimadi, aje na karatasi yake."

"Ya nini, mama?"

"Tunamsomea Suleimane hitma."

"Mama, tutarudia mwaka mmoja tu. Tunaweza kwenda nyumbani."

Nililisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeomba asisikiwe. Yeye alinijua vizuri.

"Chagua mchele," akaniambia.

Hitma ilisomwa adhuhuri. Mwalimu alisema dua ni dua, haimdhuru aliye hai wala aliyekufa, na nadhani alikuwa anajifariji mwenyewe. Chaquir aliweka saini kwamba anazo habari za hakika za kifo cha Suleimane, yeye ambaye hakuwahi kumwona. Shahidi wa pili nilikuwa mimi. Mama aliweka kidole gumba mahali alipoonyeshwa, akakifuta kwenye kanga, akarudi jikoni, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri ubwabwa.

Walikuwa wengi kuliko vyombo. Mama alipanda kwenye kinu akaishusha ile sahani ya buluu, akaipakua ikajaa, akamwekea Mzee Mwinyimadi mbele. Mzee alikula ikaisha. Alipomaliza aliikunja declaração, akafungua daftari.

"Sasa mko wanane," alisema.

"Wanane," mama akajibu.

Tulibaki. Sijui kama kuna siku nilisoma sana kuliko siku zile. Taa ya sola ilipita mkono kwa mkono, tulikaririshana kanuni uani, na kila jioni sahani nane nyeupe zilikuja mbele yetu. "Nshakula jikoni," alisema. Kanga aliyokuwa akiifunga mara moja kiunoni alianza kuizungusha mara mbili. Niliona. Nikasema moyoni ni huzuni, mtihani ukiisha nitakaa naye vizuri.

Mtihani wangu wa mwisho uliisha Alhamisi kabla ya adhuhuri. Nilitoka kituoni na habari mdomoni, na mahali pake ng'ambo ya barabara hapakuwa na karai wala moto. Nilikimbia nyumbani. Alikuwa jikoni, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono mapajani, mafiga yamepoa.

"Mama, unaumwa?"

"Hamna. Nimekaa tu. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umejibu yote?"

"Yote, mama."

"Vizuri."

Nilimshika nimwinue, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata nikauachia. Niliangaza jikoni. Sufuria la jana limeoshwa, mwiko umeoshwa, sahani nane zimeinamishwa. Nilitafuta bakuli, kibakuli, chochote ambacho mtu angekitumia kula jikoni. Hapakuwa na kitu.

"Jana ulikula nini?"

"Nshakula."

"Ulikula nini, mama?"

Alinyamaza kama alivyowanyamazia askari, na uso wake ulikuwa na aibu ile ile. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwuliza tena, nikilia sasa, na yeye akachoka kunificha.

"Nilikuwa nakula cha Suleimane," alisema. "Namwekea. Alfajiri nikishasali, nikiona hakuja, nakula mie, maana riziki haimwagwi. Ndo chakula changu toka nimerudi mji huu."

Mihogo aliyokaanga ilikuwa ya kuuza, na iliyobaki alituletea sisi. Sufuria lilikuwa letu. Kumbe mle ndani mlikuwa na fungu moja tu linalomhusu, na hata hilo alilipata kwa jina la mwanawe, baridi, baada ya kumpa usiku kucha wa kuja kulidai.

"Kwa nini hukumwambia Mzee Mwinyimadi? Angecheka akaondoka."

"Nimwambie mama anakula sahani ya mwanawe? Mbele yenu? Nikisema vile nimeshasema haji. Nikaona bora ninyamaze." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Halafu na hilo nikalisema vilevile, na kidole nikaweka."

"Basi sasa nitakupakulia wewe. Sahani yako."

"Suleimane ameshasomewa, mwanangu. Nile cha nani?"

Nilipika mwenyewe siku ile. Niliishusha sahani ya buluu, nikaiosha, nikampakulia, nikamwambia hii ni yako, mama, si ya mtu mwingine. Alikula matonge mawili kwa ajili yangu, akashukuru kama mgeni, akaifunika. Asubuhi nilifungua kawa nikakuta chakula kama nilivyokiacha. Tulimpeleka hospitali, wakasema damu imepungua na homa imeingia juu yake, wakampa dawa za kunywa baada ya kula. Tulimbembeleza kwa zamu, sote wanane, kwa uji, kwa supu ya samaki, kwa hasira, kwa machozi. Hakugoma. Alifungua mdomo kama alivyoambiwa, akameza kidogo, akasema ameshiba, na kwa kweli nadhani alikuwa hajui tena namna ya kula kitu ambacho ni chake.

Alifariki siku ya ishirini na sita baada ya hitma ya mwanawe. Wiki hiyo hiyo matokeo yalibandikwa kituoni. Nilipata kumi na tano kati ya ishirini, Chaquir kumi na nne. Mimi sasa nafundisha hesabu Awasse, na mwanafunzi akinipa jibu sahihi upesi sana huwa namwambia arudie swali.

Siku ya hitma ya mama walikuwepo wasichana wawili wa mwaka wa kwanza, wametoka Palma na mabegi yao. Walikuwa wameelekezwa kwamba nyumba hii ina mama anayepokea wanafunzi. Waliona watu wamejaa uani, wakauliza kama ndipo hapa, wakakaribishwa ubwabwa. Walikula kwa haraka, vichwa chini, kama nilivyokula mimi siku ya kwanza. Usiku huo walilala kwenye baraza ya kituo.

Mzee Mwinyimadi alikuja amechelewa, akakaa mkekani, hakutaka kula. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa nyumba yetu, akafuta jina la mkuu wa kaya kwa mstari mmoja. Kalamu ikiwa mkononi, akaniuliza sasa hapa mnakula wangapi. Nikamwambia hapa hali mtu tena, akaandika.